Anua Nguo

Lurambi, Kakamega
10 Februari 2025

Senje wangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naiulizia kwa watu wengine tangu Agosti, kwa sababu wewe mwenyewe simu hushiki. Nikipiga asubuhi inaita mpaka inachoka. Nikipiga jioni anashika mume wako, Mzee Andati, na kuniambia umetoka tu sasa hivi. Kila siku umetoka tu sasa hivi! Hata nyani wa Isecheno hawatembei hivyo.

Basi nimerudi kwenye karatasi. Barua hii nampa Mzee mwenyewe, nimemvizia hapa mjini alipokuja mkutano wa waongoza watalii.

Jambo ni hili. Unajua nimekwama kwenye riwaya yangu ya tatu. Kila nilipokwama nilichukua gitaa, na kila nilipochukua gitaa ulitoka wimbo, mpaka nikashtukia riwaya haina hata sura ya pili lakini nyimbo zimetimia albamu nzima. Ni nyimbo fupi, za kuchezeka, za kumshika mtu akiosha vyombo na kumfuata mpaka kitandani. Ninazirekodi na Ishaq wa Mumias, aliye na studio nyuma ya duka la mkewe Fauzia. Mhariri wangu huko Nairobi ameniuliza kama nimeacha kazi. Mama anasema mtu wa vitabu akianza kuimba, basi ana shida ambayo hajawaambia wenzake. Waache waseme. Riwaya inanichukua miaka mitatu na wimbo dakika tatu, na mimi zote naziandika kwa moyo ule ule.

Albamu itatoka Julai, na inaitwa *Anua Nguo*. Wimbo unaobeba zingine zote unaanza kwa sauti yako. Unakumbuka ile Krismasi nilipokurekodi kwa simu? Ulikuwa umesimama pale juu ya shamba la chai, wingu limetanda juu ya msitu, na ukawaimbia watu wa mlima mzima waanue nguo na mahindi. Miaka yote wewe ndiye uliyeiona mvua ya alasiri kabla ya wengine, na ukiimba, hakuna aliyebaki amekaa. Nimekuongezea maneno:

*Anua, anua, mvua imefika,
anua na moyo, usije ukalowa.*

Sauti yako inapanda juu pale kwenye "imefika" mpaka nywele zinanisimama. Bila hiyo wimbo hauna maana, na bila wimbo huo albamu imelala. Lakini siitumii bila ruhusa yako. Sema ndiyo, Senje. Na ushike simu.

Binti wa kaka yako,
Dinah Khasandi


Isecheno
19 Februari 2025

Kwa Dinah Khasandi, mwandishi,

Nimepata barua yako. Marehemu hapokei simu. Barua anaweza kusoma, kwa sababu marehemu ana nafasi.

Ama umesahau kwamba uliniua? Katika kitabu chako cha pili, *Ng'ambo ya Isiukhu*, kuna mwanamke anayeitwa Muhonja, anakaa kando ya msitu, mumewe anawaonyesha wageni ndege, na anakufa kwa homa katika sura ya tano, hadithi ikiwa haijachangamka hata kidogo. Ukasema ni mtu wa kubuni. Mwanangu, jina hili nilipewa baada ya bibi yangu kuzikwa. Kwetu jina linatoka kwa aliyekufa linakwenda kwa aliye hai, na wewe unalijua hilo, hukuzaliwa Ulaya. Ukalichukua jina la mtu anayepumua ukaliweka kaburini.

Agosti alikuja hapa Wanjala, yule binamu yetu wa Lumakanda. Alianza kulia akiwa bado barabarani. Mwanawe alikuwa amemsomea hiyo sura ya tano, na yeye akaelewa kwamba Muhonja wa Isecheno amefariki na Dinah ameandika habari zake. Alikuja na sukari na blanketi begani, tayari kulala matangani. Akanikuta naanika mahindi. Alikimbia, Dinah! Mzee mzima na yale magoti yake. Andati alimfikia karibu na kituo cha msitu, akamrudisha amemshika mkono, tukamkaribisha kwenye matanga yangu na tukampikia chai kwa sukari yake mwenyewe.

Sasa unataka sauti ya marehemu ili watu wacheze. Hapana. Hiyo sauti imekwisha, iache ipumzike.

Marehemu senje wako,
Muhonja

Nimesahau: Andati anasema nyimbo ulizomwekea kwenye simu ni tamu. Ile ya tatu anaiimba akinyoa ndevu na juzi amejikata. Usimwongezee.


Lurambi
26 Februari 2025

Senje,

Nimecheka kwa ajili ya Wanjala mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kesi yako ina shimo.

Kitabu kilitoka mwaka 2023. Ulikisoma. Ulinipigia simu siku hiyo hiyo ukasema, "Yaani homa? Umeniua na homa? Kwani ulikuwa unaharakisha wapi?" Ukacheka. Na baada ya hapo tuliongea kila Jumapili mwaka mzima, wewe ukijiita marehemu na mimi nikikujibu rambirambi. Mwaka jana Juni ulipotolewa rovu shingoni nilikuja hospitalini na ndizi. Daktari alikuwa amekukataza kuongea, ukaniandikia kwa kidole kiganjani kwamba ndizi ni mbichi. Hatukuwa na ugomvi hata wa dawa. Mbona basi ulisubiri mpaka Agosti ndipo ukafa?

Lakini sitabishana na mzimu. Kama ni mila, tuifuate. Mtu aliyeliliwa akiwa hai anachinjiwa jogoo ndipo akae na watu tena. Hivyo ndivyo alivyosema bibi. Nakuja Jumamosi na jogoo mweupe. Toleo la pili la kitabu linaandaliwa na nimemwambia mhariri kwamba Muhonja atapona. Amelalamika kwamba hadithi itaharibika. Nimemwambia iharibike.

Nikishamaliza kukufufua, tutazungumza habari ya wimbo.

Dinah


Lurambi
10 Machi 2025

Senje,

Nilikuja. Unajua nilikuja, kwa sababu gamboti zako zilikuwa mlangoni pa jikoni na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mzee Andati alinipokea jogoo, akamtazama badala ya kunitazama mimi, akasema, "Ametoka tu sasa hivi. Ameenda mtoni."

Nikakaa. Tukanywa chai. Mzee akanieleza habari za ndege mmoja aliyeonekana karibu na njia ya wageni, akazieleza tena, na tena. Halafu nikasikia mwanamume nyuma ya jikoni akiita kuku. Sauti nzito, ya mtu mwenye kifua. Nikauliza, "Nani huyo?"

Mzee akasema, "Huyo? Ni jirani tu. Huyo anapendanga kuku."

Senje, ni jirani gani anayekuja kuita kuku wa watu? Na kuku wakamwendea! Niliwaona wakikimbia, wanamjua. Unafahamu akili yangu. Nipe mlango uliofungwa na mimi nitakutengenezea sura nne. Njia nzima ya kurudi nimekuwekea jikoni kila aina ya mwanamume: mgonjwa, mtoro, mganga, mtu wa kukudai. Hakuna hata mmoja aliyenituliza.

Ishaq anataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi, na nimeshaamua. Wimbo nitauondoa kwenye albamu. Wimbo si kitu. Ninachotaka kujua ni kitu gani kikubwa nilichokukosea mpaka nikija unajifungia jikoni na kuacha mwanamume nisiyemjua alishe kuku wako. Niliumia, Senje. Nilifika pale barabarani nikalia kama Wanjala, na mimi sikuwa hata na blanketi.

Dinah


Isecheno
17 Machi 2025

Dinah,

Huyo mwanamume ni mimi.

Soma tena kama hukuelewa. Daktari alinionya kabla ya kunipasua kwamba rovu limekumbatia mahali pabaya na sauti huenda ikabadilika. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulala nikiwa nimekaa. Hakuna aliyekosea. Kwanza sikuwa na sauti kabisa, kisha ukaja mnong'ono, na Agosti ikatoka hii uliyoisikia. Siku ya kwanza ilipotoka nilikuwa mlangoni, nikamwita Andati aje anisaidie mzigo. Akajibu kutoka ndani, "Karibu bwana, ingia ukae!" Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nikishika simu watu wanasema, "Mzee, hebu nipe Mama." Wingu likitanda siwezi kuwaimbia watu, napiga sufuria kwa mwiko. Juzi Jescah wa hapa chini alidhani nafukuza nyani, akabaki amekaa na mahindi yake yote yakalowa. Hakuniambia kitu. Aliyaanika tena kesho yake kimya kimya, na hicho kimya ndicho kilichoniuma.

Wanjala alikuja wakati mzuri. Alinipa sababu ya kutoshika simu, nami nikaikamata. Ni rahisi kuwa marehemu wa kitabu chako kuliko kusikika hivi na mtu aliyenisikia zamani. Wewe hasa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka nikuimbie.

Na huo wimbo wako, mwanangu, ndio ulionitia hofu kuliko yote. Ile sauti ya kwenye simu yako ni ya mtu mwingine. Ukiitoa, watu wataipenda, naijua, ilikuwa nzuri. Wataniita mahali niimbe. Nitasimama mbele yao nifungue mdomo, na atoke huyu bwana wa kuku. Ndiyo maana nikasema hapana.

Wewe unayejua mpaka mawazo ya watu ambao hawapo, mtu wa damu yako ulimsoma vibaya. Lakini sikulaumu, mimi ndiye niliyeficha ukurasa.

Jogoo yuko mzima. Andati amekataa kumchinja, wanazungumza.

Senje wako,
Muhonja


Lurambi
21 Machi 2025

Senje,

Nakuja kesho, na barua hii naituma na mtu wa boda ikufikie leo. Usifunge mlango na usipike kitu. Nataka tu unigombeze kwa sauti hiyo, kwa yote uliyonikusudia tangu Agosti, mpaka uchoke.

Dinah


Mumias
4 Aprili 2025

Kwa Mama Muhonja,

Assalam aleikum. Ndivyo tunavyoanza kwetu, nawe unisamehe kama ningetakiwa kuanza vingine. Idi imepita juzi na nyumba yetu ni nzima. Mke wangu Fauzia anakusalimu. Ni mjamzito na hana subira na mtu yeyote, ila barua hii ameniruhusu niandike kwanza kabla ya kumtafutia miwa.

Mimi ni Ishaq, ninayerekodi nyimbo za Dinah. Alirudi kutoka kwenu na rekodi ya wewe ukimgombeza. Anasema ulimwambia mwenyewe, "Rekodi basi, ukacheke na wenzako." Mama, hatukucheka. Ulimgombeza kwa ajili ya viatu, kwa ajili ya kukonda, kwa ajili ya sura ya tano, halafu katikati mvua ikaanza, na ukakatiza ugomvi ukasema, "Anua nguo, wewe!" Kisha ukaendelea na viatu.

Nilikata neno hilo moja nikaliweka kwenye wimbo. Nikueleze kwa nini. Sauti yako ya zamani ni nzuri mno na hiyo ndiyo taabu yake. Inakaa juu kabisa, na chini yake gitaa linaonekana limepotea. Nimehangaika na wimbo huo tangu Novemba, nikiuvuta huku na huku, hauketi. Hii ya sasa niliiweka chini, pale ambapo gitaa la besi lilikuwa, na gitaa la besi nikaliondoa. Wimbo ukakaa. Ndugu yangu Abu, anayetupigia gitaa, alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Aliinuka akatoka nje kuanua nguo. Hapakuwa na mvua, Mama. Hata nguo zenyewe hazikuwa zake.

Kwa hiyo sikuombi tena ruhusa ya sauti ya zamani. Siitaki. Nakuomba uje Mumias uimbe wote upya. Tutauteremsha wimbo mpaka hapo ulipo, upite njia yako. Hakuna sababu ya wewe kuukimbilia huko juu.

Wako mtiifu,
Ishaq


Isecheno
11 Aprili 2025

Kwa Ishaq,

Waaleikum salaam. Nimeuliza kwa watu jinsi ya kujibu, usidhani najua mwenyewe.

Nilijua Dinah amekutuma unifariji, kwa hiyo nimeisoma barua yako nikitafuta mahali unaponihurumia. Sijapaona. Nimempa Andati naye atafute. Amesema huyu kijana hana huruma hata kidogo, anataka kazi tu. Basi nitakuja.

Lakini hamtanitazama nikiimba. Mkae mgeukie ukuta. Na Dinah abaki nje na Fauzia, kwa sababu akiniona atalia, na akilia mimi pia nitalia, na sitaki mtu wa redio asikie makamasi kwenye wimbo. Mwambie asinichemshie tangawizi. Kila mtu tangu mwaka jana ananichemshia tangawizi.

Kama haitafaa, uniambie pale pale usoni. Usiniandikie barua.

Muhonja Andati


Lurambi
23 Juni 2025

Senje!

Unakaa huko juu na nyani wako huku hujui umefanya nini huku chini.

Tangu tuutangulize wimbo redioni siku ya Alhamisi, siwezi kupita sokoni. Kwenye stendi ya boda wanaimbiana wakivaa makoti ya mvua, mmoja akisema "Anua" kwa sauti ya tumbo na wenzake wakimjibu kwa juu. Wasichana wa shule wanaimba wakitoka darasani, wote wameshusha videvu vifuani wakitafuta sauti yako, na hakuna hata mmoja anayeifikia. Mama muuza mboga karibu na nyumba yangu ameniuliza, "Na huyo mzee anayeimbanga hapo mwanzo, ameoa?" Nikamwambia si mzee, ni senje wangu. Alikataa. Tumebishana mpaka sukuma zikanyauka.

Jana mtangazaji alinialika studioni. Akaniuliza maswali yake ya kawaida, kama mimi ni mwandishi anayeimba au mwimbaji anayeandika, nami nikamjibu kwamba inategemea ni nani anayenilipa wiki hiyo. Kisha akasema wasikilizaji wanapigana: ile sauti ni ya mwanamume au mwanamke? Nilikuwa na jibu zuri la kiandishi nililoliandaa. Nikalisahau. Nikasema jina lako hewani, lote, na la kijiji, na kwamba ulipasuliwa shingo ukapoteza sauti moja ukapata nyingine, na kwamba hii ya pili ndiyo iliyoniokolea albamu. Samahani kama sikukuuliza. Mtangazaji akaurudia wimbo.

Mhariri wangu amepiga simu. Mwanzo aliniuliza kama nimeacha kazi. Sasa anauliza kama watu wa albamu watanunua vitabu. Na usiku ule ule baada ya kukusikia Mumias niliandika sura ya pili. Imeandikika yenyewe. Hakuna anayekufa.

Sasa ombi langu. Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 12 Julai, mchana, kwenye ukumbi mkubwa hapa mjini. Nyimbo nane naziimba mwenyewe na ya tisa ni yako. Ukisema hapana nitaicheza rekodi, watu watacheza, na sitakulaumu. Najua kuimba mbele ya watu waliogeukia ukuta ni jambo moja na kuimba mbele ya watu wa Isecheno waliokujua ni jambo lingine. Lakini ningependa wakuone. Mimi ningependa kukuona. Mumias nilikuwa nje nikimenya miwa.

Dinah


Isecheno
14 Julai 2025

Kwa Ishaq,

Waaleikum salaam, na hongera wewe na Fauzia! Hukuweza kuchagua siku nyingine ya kupata mtoto? Nasikia ni msichana, mmemwita Ayesha, na analia kwa sauti ya juu sana. Mwacheni alie, ni mali yake.

Dinah amesema atakueleza habari za uzinduzi, lakini Dinah ataongeza chumvi, ndiyo kazi yake. Nimeona nikuandikie mimi.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Watu wa Isecheno walikuja gari zima, Jescah mbele, na Wanjala alitoka Lumakanda na suti. Dinah alivaa gauni la manjano na viatu vya mpira, nikamsamehe viatu kwa siku hiyo moja. Aliimba, na katikati ya nyimbo akasoma kurasa kidogo za riwaya mpya, na watu waliokuja kucheza wakatulia wakasikiliza kitabu. Sijawahi kuona hivyo. Abu alipiga gitaa vizuri, ila anafunga macho, mwambie ayafungue, ana macho mazuri.

Kisha Dinah akaniita. Andati alinisukuma mgongoni, nikajikuta juu.

Nikaimba neno la kwanza, na kijana mmoja huko nyuma akacheka. Nilimsikia. Watu wote walimsikia. Nikanyamaza. Ishaq, nilisimama pale na mwaka wote ule ukanirudia, jikoni na sufuria na simu inayoita. Ngazi za kushukia zilikuwa karibu na mkono wangu wa kushoto. Dinah alikuwa pembeni. Hakunisaidia, alikaza tu gitaa lake akasubiri.

Nikamtafuta yule kijana kwa macho. Nikamwimbia yeye. Anua, anua. Sikuharakisha. Niliiteremsha mpaka chini kabisa, pale ulipokuwa ukisema niikanyage, nikaikanyaga. Kufika "imefika" hakuwa anacheka, alikuwa amesimama juu ya kiti. Wanawake wa Isecheno wakajibu huko juu, pale nilipokuwa nikikaa mimi zamani, na nilifurahi kuwasikia huko. Sikuwaonea wivu. Wanaume walijaribu kunifuata chini wakaachwa njiani. Tukamaliza, wakakataa tumalize. Tukarudia. Wakakataa tena. Wanjala alivua koti la suti akalizungusha hewani akilia kuliko alivyonililia nikiwa marehemu. Dinah alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniegemea kwa uzito wake wote, nikamwambia, "Wewe simama vizuri, watu wanatuangalia." Alisema, "Waache watuangalie, Senje." Nilifurahi, Ishaq.

Kuna jambo ambalo hata Dinah sijamwambia. Kwaya ya kanisani niliiacha mwaka jana. Nilisema ni magoti, wakaamini, nikawa nakaa viti vya nyuma nikifungua mdomo bila kutoa kitu. Jana Jumapili nilivaa joho langu nikaenda mbele. Sikwenda upande wa wanawake. Nilikwenda nikasimama mbele ya safu ya besi.

Osiako ndiye mkubwa wa besi pale. Akaninong'oneza, "Mama, sauti ya kwanza ni upande ule."

Nikamwambia, "Najua iko wapi. Nimeiimba tangu hujaoa."

Hakusogea. Nami sikusogea. Wimbo ukaanzishwa. Ubeti wa pili una noti moja ya chini sana ambayo Osiako huwa anaikoromea tu akijifanya ameifikia. Nikaishika. Nikakaa nayo mpaka mwisho wa mstari, na mchungaji akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Basi Osiako akasogea, na aliye kando yake akasogea, na safu nzima ya wanaume ikasogea na majoho yao mpaka ukutani, nikaingia.

Muhonja Andati,
besi